Muda Hupotea Wapi? Maoni Juu ya Kasi ya Kujibu Maswali ya Hoja

Yako malalamiko ambayo kila mkufunzi wa lugha huyasikia mwaka hadi mwaka, nayo huja kwa maneno yale yale: "Maswali niliyajua, ila muda ulinishinda." Mtoto wa darasa la saba huyasema akitoka katika chumba cha mtihani. Mwanachuo huyasema. Hata mwalimu mwenye shahada, aombaye nafasi ya masomo ya juu ng'ambo, huyasema pia. Sisi tuliyazoea mno malalamiko hayo hata tukaacha kuyachunguza, na kila aliyetujia tulimpa jawabu moja la mkato: ongeza mazoezi, soma haraka zaidi. Katika makala haya twataka kueleza kwa nini sasa twaona kwamba jawabu hilo lilikuwa na kasoro, na kwa nini jambo hili, ambalo kwa juu juu laonekana kuwa la wenye shahada tu, lawahusu ninyi mtakaokwenda kufundisha darasa la tatu na la nne.

Kilichotuzindua ni kisa kidogo. Mwalimu mmoja wa sekondari, aliyepata kufundisha pamoja nasi, alitujia likizo moja akiwa na kitabu cha mazoezi ya mtihani uitwao GRE. Mtihani huo, ambao jina lake kamili ni Graduate Record Examinations, ulianzishwa nchini Marekani mwaka 1936, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 husimamiwa na shirika la Educational Testing Service. Hutumiwa kuchuja waombaji wa masomo ya uzamili na uzamivu. Ada yake hupita dola 200 za Marekani, na kwa mshahara wa mwalimu fedha hizo si za kuchezea. Ndugu yetu huyu alikuwa ameufanya mara moja na kuachia maswali mengi bila kuyagusa. Alikuwa amedunduliza fedha za kuufanya mara ya pili, wala hakuwa na tamaa ya mara ya tatu. Ombi lake lilikuwa dogo: tumfundishe kusoma upesi.

Yafaa tueleze kwanza mtihani wenyewe ulivyo katika sehemu ya hoja kwa lugha. Tangu Septemba 2023 mtihani mzima umefupishwa: zamani ulichukua saa tatu na dakika 45 hivi, sasa humalizika kabla ya saa mbili kutimia. Sehemu ya lugha ina maswali 27 yaliyogawanywa katika mafungu mawili, yaani maswali 12 kwa dakika 18, kisha maswali 15 kwa dakika 23. Mwenye kugawanya ataona kwamba kila swali limepewa sekunde 90 na kidogo, na ndani ya sekunde hizo mna kusoma kifungu chenyewe. Maswali ni ya aina tatu. Aina ya kwanza hudai mtahiniwa ajaze nafasi wazi moja, mbili au tatu katika habari fupi. Na nafasi zikiwa zaidi ya moja, akikosea hata moja hupoteza swali zima. Aina ya pili humpa sentensi yenye nafasi moja na maneno sita, achague mawili yatakayoifanya sentensi iwe na maana ile ile. Aina ya tatu ni ufahamu: kifungu cha habari, kisha maswali juu ya kilichosemwa, kilichokusudiwa, na udhaifu au nguvu ya hoja ya mwandishi.

Tulimketisha mezani, tukampa kifungu kimoja chenye maneno kama 150 na maswali matatu. Sisi tukashika saa. Hatukupima muda wa zoezi zima kama tulivyozoea, bali tuliandika kando muda wa kila hatua. Kifungu alikimaliza kwa dakika moja na nukta chache, jambo ambalo kwa mtu asomaye lugha ya kigeni si baya hata kidogo. Swali lenyewe alilisoma kwa nukta kumi. Kisha akaingia katika majibu, na humo ndimo alimopotelea. Alisoma jibu la kwanza, akarudi kwenye kifungu. Akasoma la pili, akarudi tena. Alipofika la tano alikuwa amelisahau la kwanza, akaanza upya, akienda na kurudi kama mtoto aliyesahau alichotumwa dukani. Swali hilo moja lilimla dakika tatu, na mwishowe alikosa.

Hapo ndipo tulipoona kosa letu la miaka mingi. Mtu huyu hakuwa mzito wa kusoma. Muda wake ulikuwa ukitoweka katika kusitasita kati ya majibu, na hata tungalimfundisha kusoma kifungu kwa nusu ya dakika, tungalimwokolea nusu dakika tu kati ya dakika zaidi ya nne. Tangu siku ile tumekwisha kupima wanachuo wetu wengi kwa njia hiyo hiyo, kwa vifungu vya Kiswahili, na mara nyingi tumeona jambo lile lile. Hatudai kwamba huu ni utafiti. Ni saa ya mkononi na kipande cha karatasi, na yeyote kati yenu aweza kufanya hivyo jioni hii kwa mwenzake wa bwenini.

Kwa nini majibu hula muda? Kwa sababu yametungwa kwa kusudi hilo. Mtunzi wa maswali ya kuchagua huandika jibu moja la kweli na vipotoshi vitatu au vinne, na ufundi wake umo katika vipotoshi. Kimojawapo huchukua maneno yale yale ya kifungu, kikageuza uhusiano wao, hata aliyesababisha akawa aliyesababishiwa. Kingine husema jambo la kweli duniani ambalo mwandishi wa kifungu hakulisema. Kingine ni cha kweli nusu ya kwanza na uongo nusu ya pili, na mtahiniwa mwenye haraka huridhika na nusu ya kwanza. Kingine huzidisha: mwandishi alisema "aghalabu", kipotoshi kikasema "daima". Basi msomaji anayeyaendea majibu hayo akiwa hana jawabu lake mwenyewe kichwani ni kama hakimu aliyeingia barazani kabla ya kusoma mashtaka: kila asemaye humwona ana haki.

Dawa tuliyompa mwenzetu ni nyepesi hata yeye aliidharau. Tulimkatia kipande cha karatasi ngumu, tukamwambia afunike majibu. Asome, aulizwe, ajibu kwa maneno yake, na ndipo afunue na kulitafuta jawabu lake miongoni mwa yaliyoandikwa. Kwa wiki ya kwanza tulimkataza kabisa kutazama saa.

Tuonyeshe kwa mfano wa Kiswahili, kwa kuwa akili inayotumika ni ile ile. Fikirini sentensi hii: "Ijapokuwa mzee huyo alisifika kwa ...... wake, siku ya arusi ya mjukuu wake alizungumza hadi jua likatua." Majibu ni: ukarimu, ukimya, ucheshi, ushujaa, uzee. Asomaye majibu kwanza ataanza kujadiliana na nafsi yake, kwani wazee husifika kwa ukarimu, na ucheshi wapatana na arusi na mazungumzo. Lakini aliyefunika majibu hana budi kuitazama sentensi, na sentensi imekwisha kumjibu. Neno "ijapokuwa" latangaza kwamba nusu mbili za sentensi zinapingana. Nusu ya pili yasema mzee alizungumza mno. Basi nusu ya kwanza yapaswa kusema kwamba kwa kawaida hazungumzi. Mtahiniwa aweza kuandika pembeni "kutosema", afunue majibu, na aone "ukimya" pamekaa palepale panapomngoja. Kazi hiyo haimalizi nukta ishirini, na ndani yake hamna kukimbia.

Maneno madogo ya namna hiyo ndiyo alama za njiani: ijapokuwa, licha ya, hata hivyo, bali, kwa hiyo, kwa kuwa, sembuse, mradi. Katika vitabu vyetu vya sarufi tumeyapanga chini ya kichwa cha viunganishi, tukayafundisha kama orodha ya kukariri na kuyapigia mstari. Laiti tungaliyafundisha kama maagizo kwa msomaji! "Hata hivyo" ni agizo la kugeuka. "Kwa hiyo" ni agizo la kusimama na kuuliza: ni kutokana na nini? "Sembuse" yatuambia kwamba lililotangulia ni dogo na lijalo ni kubwa, au kinyume chake. Mtoto anayeyatii maagizo haya anajua sentensi inakokwenda kabla haijafika.

Katika aina ya pili ya maswali pana mtego ambao twapenda kuuonyesha, kwa kuwa huwanasa hasa waliosoma orodha ndefu za visawe. Sentensi ni hii: "Mtunza ghala wetu ni mtu ......: kila gunia huliandika liingiapo na litokapo, hulihesabu mara mbili, na kila mwenye haki hupewa fungu lake bila kucheleweshwa." Maneno ni: mchoyo, makini, mpole, bahili, mwangalifu, mkarimu. Mwenye haraka huona mara moja kwamba "mchoyo" na "bahili" ni jozi, akazitia alama, akaendelea akijisifu kwa wepesi wake. Lakini sentensi imesema kwamba kila mwenye haki hupewa fungu lake, na mchoyo hafanyi hivyo. Jozi ya kweli ni "makini" na "mwangalifu". Maneno mawili kuwa na maana moja hakutoshi kuyafanya yawe jibu. Yapaswa kuwa na maana ambayo sentensi inaidai. Aliyejaza nafasi kwa neno lake mwenyewe kabla ya kufunua hawezi kunaswa hapo.

Tuje sasa kwenye hoja yenyewe, ambayo twaiona kuwa ndiyo kiini cha mtihani ule na ndiyo tunayoifundisha kidogo kuliko zote. Tulitunga kifungu hiki kwa matumizi ya chuoni: "Mwalimu mkuu wa shule fulani aliona kwamba wanafunzi wanaoketi madawati ya mbele hupata alama nyingi kuliko wanaoketi nyuma. Ijapokuwa baadhi ya walimu walisema kuwa hiyo ni sadfa, yeye alishikilia kwamba kuwa karibu na ubao ndiko kunakoleta alama hizo. Kwa hiyo aliagiza wanafunzi wabadilishane madawati kila wiki ili wote wanufaike." Swali: ni habari ipi, ikiwa ni kweli, itakayoidhoofisha zaidi hoja ya mwalimu mkuu? Jibu la kwanza lilisema kuwa shule hiyo haina madawati ya kutosha. La pili, kuwa mwanzoni mwa mwaka kila mwanafunzi alijichagulia dawati, na wapendao kusoma wakakimbilia mbele. La tatu, kuwa walimu waliompinga wana uzoefu mrefu kuliko wake. La nne, kuwa wanafunzi wa nyuma hawapendi kuhamishwa.

Wanachuo wetu waligawanyika. Wachache walichagua la kwanza, kwa sababu ni la kweli katika shule nyingi wanazozijua. Wengi zaidi walichagua la tatu, na hatuwashangai: sisi sote tumelelewa kuuheshimu uzoefu, na aliyekula chumvi nyingi akisema jambo hatumkatizi. Lakini uzoefu wa mpinzani haugusi hoja. Hoja ya mwalimu mkuu ina ncha mbili. Ncha ya kwanza ni alichokiona: walio mbele wana alama nyingi. Ncha ya pili ni alichohitimisha: kuketi mbele ndiko kunakoleta alama. Kati ya ncha hizo pana pengo ambalo hakulijaza, kwa kuwa yawezekana kabisa kwamba ni bidii iliyompeleka mtoto mbele, wala si kuwa mbele kulikomletea alama. Mwenye kuliona pengo hilo kabla ya kufunua majibu hulitambua jibu la pili kama amtambuavyo nduguye katikati ya soko.

Baadaye tulifanya jambo ambalo lilituaibisha kidogo. Tulikwenda katika darasa la sita la shule tunayopelekea wanachuo kwa mazoezi ya kufundisha, tukawasimulia watoto habari ile ile kwa mdomo, bila karatasi na bila majibu ya kuchagua, tukauliza: je, mwalimu mkuu amesema sawa? Haikupita dakika moja, msichana mmoja aliyeketi dirishani akasema, "Lakini mwalimu, wenye bidii si ndio waliokwenda mbele wenyewe?" Darasa zima likacheka, kwani kila mmoja alijua ni akina nani wanaokimbilia mbele. Siku ya pili tukaandika swali lile lile ubaoni pamoja na majibu yake manne. Watoto wale wale, waliokwisha kulijibu kwa vicheko, walianza kunong'ona, kutazamana na kukisia, na zaidi ya nusu walikosa. Akili ya kuona pengo walikuwa nayo. Namna tulivyowazoesha kuyakabili maswali ya kuchagua ndiyo iliyowanyang'anya.

Wako watakaosema kwamba zipo njia za mkato za kusoma kwa kasi kubwa, na kwamba sisi tunajivuta nyuma. Njia hizo si mpya. Mwaka 1959 mwalimu Evelyn Wood alifungua mjini Washington mafunzo yake ya kusoma kwa kasi, akiwafundisha watu kuteremsha mkono juu ya ukurasa na kunyakua mafungu ya maneno kwa mtazamo mmoja, na sifa zake zilivuma mno. Lakini mwaka 2016 ilichapishwa makala ndefu ya Keith Rayner na wenzake, mabingwa wa kuchunguza mwendo wa macho wakati wa kusoma, waliopitia uchunguzi wa miaka mingi juu ya jambo hili. Walihitimisha kwamba anayezidisha sana kasi hulipa kwa kupungukiwa na ufahamu, na kwamba njia ya kuaminika ya kusoma upesi na kuelewa ni kuijua lugha yenyewe vizuri zaidi: maneno yake mengi, na mazoea ya kuisoma. Kuperuza kuna faida yake pale mtu atafutapo jina au tarehe. Kwa hoja yenye "ijapokuwa" na "hata hivyo" ndani yake, mwenye kuruka neno moja huenda ameruka jibu.

Na hapa hatuna budi kusema ukweli usiopendeza. Mtihani wa GRE ni wa Kiingereza, na Kiingereza chake ni cha vitabuni. Mtu aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akakutana na Kiingereza kama lugha ya masomo sekondari tu, anaingia katika mtihani huo akiwa na mzigo ambao karatasi ya kufunikia haiwezi kumtua. Akili ya hoja huvuka kutoka lugha moja hadi nyingine; msamiati hauvuki. Mwenzetu alikuwa na daftari lenye orodha ya maneno mia kadhaa, kila neno na tafsiri yake, na alikuwa akiyasahau kwa kadiri alivyoyaandika. Tulimshauri aitupe orodha. Badala yake kila neno jipya aliandike ndani ya sentensi kamili aliyoikuta akisoma, kisha alitafutie jamaa zake. Sisi Waswahili tunaujua ukoo wa maneno: aliyeshika "soma" hupata bila kufundishwa somo, msomaji, someka, somesha na usomaji. Kiingereza nacho kina koo zake, nyingi zikitokana na Kilatini, na ajuaye kwamba "bene" ni wema na "male" ni ubaya ameshika mkia wa maneno mengi kwa mkupuo mmoja.

Tukitaja maneno, mwaka 2011 wenye mtihani huo waliondoa maswali ya vinyume na ya milinganisho ya maneno mawili mawili, wakayaacha yale yanayolipima neno likiwa ndani ya habari. Hatusemi kwamba kila wafanyalo Wamarekani ni la kuigwa. Lakini tukitazama maandalio ya masomo ya wanachuo wetu, yaliyojaa "andika kinyume cha maneno yafuatayo" kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, twaona haya kidogo.

Kuhusu siku yenyewe ya mtihani hatuna mengi ya kusema, kwani vitabu vya mazoezi vimeyasema. Jibu lisilo sahihi halikatwi alama, basi hapana sababu ya kuacha swali wazi. Ndani ya kila fungu mtahiniwa huruhusiwa kulitia alama swali, kuliruka na kulirudia, na alifanye hivyo bila kuona aibu, kwa kuwa swali gumu na swali jepesi katika fungu moja yana thamani moja. Ugumu wa fungu la pili hutegemea alivyofanya katika la kwanza. Akiona maswali yamezidi ukali asife moyo, huenda ikawa ni dalili njema.

Sasa tuje darasani. Tulipokuwa walimu wapya tulipewa darasa la saba, tukataka kuonyesha bidii. Tulisimama mbele ya watoto na saa mkononi, na kila baada ya dakika mbili tulipiga meza kwa rula: swali limekwisha, nenda la pili! Dakika mbili hizo hatukuzibuni sisi. Wenzetu wa Kenya nao walikuwa na hesabu hiyo katika mtihani wa KCPE, uliofanywa tangu 1985 hadi ulipofikia mwisho wake mwaka 2023, ambamo maswali 50 ya lugha ya Kiswahili yalipewa saa moja na dakika 40. Hesabu ilikuwa sahihi, na ufundishaji wetu ulikuwa mbaya. Watoto walijifunza upesi kwamba mwalimu anataka alama ya kalamu kabla ya rula kulia, nao wakatafuta njia zao. Wengine walichagua jibu refu kuliko yote. Wengine walitafuta jibu lenye neno lililomo katika kifungu, yaani walikwenda mbio moja kwa moja mdomoni mwa kipotoshi. Mvulana mmoja, aliyekuwa msomaji mzuri kuliko wenzake, aliacha kabisa kusoma vifungu. Alipoulizwa akajibu kwamba akisoma anachelewa. Hatujamsahau.

Mtakapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, twapendekeza mjaribu utaratibu mwingine. Andikeni kifungu kifupi ubaoni, kisizidi mistari minane. Someni pamoja. Ulizeni swali bila majibu yoyote, na kila jozi ya watoto iandike jawabu lake katika daftari. Ndipo mwandike majibu manne, na watoto walitafute lao. Msiishie kwa aliyepata. Mwulizeni kila mmoja kwa nini yale mengine matatu si jibu, kwa kuwa hapo ndipo mtoto hujifunza sura za vipotoshi na kuzitambua kwa mbali. Zoezi lililo tamu kuliko yote ni kuwaachia watoto watunge vipotoshi wao wenyewe, kundi moja likilitega kundi jingine. Mtoto aliyekwisha kutega mtego hanaswi kirahisi.

Twajua mtakavyojibu. Darasa lina watoto themanini, vitabu ni kimoja kwa watoto wanne, na kipindi cha dakika arobaini kitamaliza maswali mawili tu au matatu. Ni kweli. Mkaguzi naye akiingia ataona daftari lenye maswali matatu, na mwenzako wa darasa la pili yake amemaliza ishirini. Haitakuwa rahisi kumweleza. Lakini ubao hautaki vitabu, na kazi ya jozi haizuiwi na wingi wa watoto. Tumeona ikifanyika chini ya mwembe, mwalimu akiwa na ubao mdogo ulioegemezwa kwenye shina. Maswali matatu yaliyochambuliwa hivyo twayapendelea kuliko ishirini ya kukisia.

Wala hatusemi saa itupwe. Mtihani una muda, na mtoto asiyewahi kufanya kazi kwa muda atashtuka siku hiyo. Tunalokataa ni saa kutangulia. Ije muhula wa mwisho, watoto wakiwa wamekwisha kuzoea kufunika majibu na kujijibia, na kila mtoto apimwe kwa muda wake mwenyewe wa wiki iliyopita, si kwa muda wa jirani yake. Na mwalimu aandike pale muda ulipokwendea: katika kifungu, katika swali, au katika majibu. Anayechelewa katika kifungu ahitaji kusoma zaidi na kuongezewa maneno. Anayechelewa katika majibu ahitaji karatasi ya kufunikia. Kuwapa wote wawili dawa moja ni kama kumpa mwenye homa na mwenye jino kidonge kimoja.

Huenda mtu akauliza kama ni halali kuwaandaa watoto wa Kiswahili kwa ajili ya mtihani wa Marekani ambao wengi wao hawatauona kamwe. Hata huko kwenyewe idara nyingi za vyuo vikuu zimeacha kuulazimisha, hasa tangu mwaka 2020. Hatuwaandai kwa ajili yake. Mtoto yule wa dirishani, aliyeona kwamba wenye bidii walikwenda mbele wenyewe, atakutana na hoja za namna hiyo katika mkutano wa kijiji, katika tangazo la dawa iponyayo kila ugonjwa, na katika mkataba atakaotakiwa kutia sahihi. Humo nako watu humwekea mtu majibu tayari na kumharakisha achague.

Mwenzetu wa GRE alifanya mazoezi kwa wiki tisa. Katika wiki ya nne alikuwa bado ni yule yule, akatulaumu. Katika wiki ya saba tulimpima tena kwa kifungu chenye urefu kama ule wa kwanza. Kifungu alikisoma kwa dakika moja na nukta chache, sawasawa na siku ile ya kwanza. Maswali yote matatu yalimchukua dakika mbili na nusu, na hakukosa hata moja. Alama alizozipata baadaye katika mtihani ni siri yake. Kipande chake cha karatasi ngumu alituachia, nacho sasa kinatumika darasani. Wanachuo watakaojaribu utaratibu huu katika mazoezi ya kufundisha ya mwaka huu twawaomba watuletee, kwa njia ya jarida hili, vipotoshi watakavyotunga watoto wao. Vile vya darasa la sita tulivyokwisha kuvikusanya vimetushinda sisi wenyewe mara mbili.